Tupeane uzoefu: mlimfundishaje mtoto kuendesha gari bila kugombana?

Mama Pacha: Wakuu, kijana wangu katimiza 18, lena (leseni ya kujifunzia) anayo, kila nikishika funguo ananiangalia kama nimemdhulumu urithi. Baba yake yuko safari. Nyie mlifanyaje? Huku Tegeta hata mimi bodaboda wananitoa jasho.

Mzee wa Gia: Anza na bima kubwa 😂

Dereva Mstaafu: Kiwanja cha mpira, alfajiri. Breki na rivasi tu mpaka achoke, barabara baadaye.

Kipara cha Juu: Kiwanjani hakuna bodaboda mzee, atajua kukwepa magoli tu. Mpeleke chuo cha udereva, mzazi na mtoto ndani ya gari moja ni ugomvi.

Mgosi: Chuo cha nini? Mi nimeendesha trekta shambani nina miaka 13.

Kipara cha Juu: Trekta shambani sawa. Gari ni 18, ukigonga mtu bima wanaanza kuuliza leseni kwanza.

Baba Nasra: Mmenikumbusha mbali. Binti yangu na lena yake, pikapu ya manyuo, gia za mkono, tunashuka kwenye pantoni upande wa Kigamboni, nikamwachia usukani maana magari yanatembea taratibu nikajua hakuna neno. Tuko katikati ya kile kipando gari la mbele likasimama, na yeye akasimama, kuondoka akaachia klachi yote gari ikazima, ikaanza kurudi nyuma, nyuma yetu bajaji imejaa abiria, nyuma ya bajaji pantoni, waenda kwa miguu wanapiga mayowe "breki! breki!" na yeye mguu uko kwenye klachi anakanyaga kwa nguvu zote akidhani ndo breki. Nikavuta handibreki. Binti akashuka, akaenda kukaa kwa muuza mihogo, honi zinalia kama harusi. Hakutaka kuona usukani tena. Aliyemrudisha ni mjomba wake dereva wa lori, alikuwa anampeleka kwenye kilima karibu na nyumbani, kazi ni moja tu: vuta handibreki, balansi klachi mpaka uisikie gari inataka kwenda, ndo uachie. Hafoki, anakula karanga zake.

Mama Pacha: Jamani 😳

Kaka Tunu: Bajaji je???

Baba Nasra: Haikuguswa. Ila dereva wake alinidai hela ya mshtuko.

Mzee wa Gia: Ulimpa?

Baba Nasra: Nilimpa.

Dada Mwenge: Ndo maana wangu anajifunza otomatiki.

Mgosi: Otomatiki sio udereva. Ashuke mlima Kitonga na gia ya D tuone breki zitakavyonuka.

Dada Mwenge: Unaweka L, gia ndogo, mkuu, au ulidhani ile herufi ni pambo?

Mgosi: 🙄

Shangazi Bunju: Mnabishana gia na wakati watoto wanatuiga. Mume wangu anamhubiria kijana "penye makazi spidi mwisho 50", yeye mwenyewe zebra ya shule anaipita na simu sikioni. Mtoto kanyamaza tu anatazama. Mi nimeweka sharti: simu zote kwenye pochi yangu, ya baba ikiwemo, na usiku marafiki hawapandi, wakijaa humo kila mmoja anakuwa kocha.

Kaka Tunu: Shemeji anajua umemwanika huku? 😂

Mama Pacha: Baba Nasra, huyo mjomba bado yupo? Niunganishe.

Baba Nasra: Yuko safari ya Tunduma, akirudi nitakushtua. Malipo yake ni wali na samaki.

Mama Pacha: Wali upo. Pikapu ndo sina.