Mashindano ya uvuvi Pemba: mlituita tushindane, mkachukua samaki wetu. Safari hii jibuni kwanza

Assalaam alaykum wanajamvi.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuzificha. Wiki hii gari la matangazo limepita tena huku kwetu Pemba likiita wavuvi wajiandikishe kwenye mashindano ya uvuvi. Ahadi ni zile zile: zawadi nono, mwenye samaki mkubwa ndiye bingwa, wavuvi wa kienyeji wako mbele. Vijana wa dikoni, pale vyombo vinaposhushia samaki, washaanza kuulizana nani ana chombo madhubuti. Mashindano ya mwanzo kabisa ya aina hii kwetu mie nilikuwamo, chomboni, na kabla hamjatoa pesa zenu nataka mjue yaliyotupata.

Samaki wetu walichukuliwa. Hawakuazimwa kwa ajili ya picha, hawakununuliwa. Walichukuliwa mbele ya macho yetu, wakapakiwa kwenye gari, likaondoka.

Kwa asiyeijua kazi hii, chombo kikitoka baharini kinatoka na deni. Kuna petroli, kuna barafu, kuna chambo. Kikirudi samaki wanapelekwa mnadani, dalali ananadi, gharama zinatolewa kwanza, halafu ndiyo unakuja mgawo: chombo fungu lake, mashine fungu lake, na mabaharia mafungu yao. Na kabla ya yote hayo kila baharia ana kitoweo chake, samaki wa kupeleka nyumbani. Hicho hakiguswi na mtu. Hata siku mbovu, nahodha mwenye utu hakuachi ukarudi mikono mitupu kwa watoto wako.

Siku ya mashindano tulilipa kiingilio elfu thelathini kwa chombo. Petroli tulinunua wenyewe, barafu wenyewe, vibua vya chambo wenyewe. Hakuna aliyelalamika, maana kila mtu alijua kwamba ushinde usishinde, samaki wako utawapeleka mnadani. Gari la matangazo halikusema vyengine. Lilisema mshipi wowote, yaani uzi wa kuvulia, unakubaliwa mradi ni ndoana. Nyavu, bunduki na sumu marufuku. Basi. Sisi watu wa mshipi tukafurahi, tukasema leo kazi yetu imekumbukwa.

Karatasi ya masharti ilikuja alfajiri ile ile ya kutoka, vyombo vishaelea. Kiingereza kitupu, mbele na nyuma. Nahodha wetu ni ami yangu, mdogo wake marehemu baba. Akamuuliza kijana wa usajili, "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?" Akajibiwa, "Mambo ya usalama tu, mzee, wekeni saini tuondoke." Ami akatia dole gumba. Wenzetu wa vyombo vya jirani wakafanya hivyo hivyo.

Na huo usalama wenyewe sikuuona. Boti za wageni zilikuwa na mashine mbili mbili na jaketi za kuokolea kwa kila aliyemo. Vyombo vyetu havikukaguliwa hata kimoja. Watu wa kisiwa hichi tumezika ndugu zetu wa meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011. Hakuna nyumba huku isiyojua bahari inachoweza kufanya. Halafu mtu anazitoa ngalawa na mashua ndogo kwenye mkondo, upepo wa kusi unavuma, na boti ya uokozi haionekani.

Nitakaa kidogo hapa kwenye tarehe, kwa sababu inaonesha tangu mwanzo shindano lilipangwa kwa ajili ya nani. Mkondo wa Pemba si maji ya kuchezea. Unguja na bara zimetenganishwa na maji ya kina kifupi. Sisi tumetenganishwa na bara kwa shimo la mamia ya mita, na ndiyo sababu jodari, nguru na sulisuli wanapita karibu na pwani yetu kuliko pengine popote. Lakini wakati wa kusi maji yanayopanda kaskazini yanaongeza kasi, na ukitoka kwenye kivuli cha kisiwa bahari inachafuka. Mzee yeyote wa Wesha, Tumbe au Kojani angewaambia: subirini tangambili, upepo wa kusi umekufa na wa kaskazi haujashika, hapo hata ngalawa inafika nje ikavua kwa amani. Hawakumuuliza mzee yeyote. Tarehe ilifuata wageni wao walipokuwa na nafasi. Kwa hiyo mwenye boti kubwa alikwenda anakotaka, na mwenye ngalawa alirudi nusu ya njia, na kiingilio hakurudishiwa.

Sisi tulifika. Ami anaijua bahari ya nje ya kisiwa cha Misali, na alituzungusha mbali na eneo lililofungwa la hifadhi, ambalo kwenye karatasi yao halikuchorwa popote. Tukawa tunarambaza, mwendo wa pole, mishipi miwili nyuma. Jua lilikuwa halijapanda sana mshipi wa Ami ulipokaza. Yule samaki hakuruka wala hakuyumba. Alikwenda chini moja kwa moja, na ule mshipi uliokuwa umekunjwa kwenye sakafu ya chombo ukawa unapotea pete baada ya pete, unalia kwenye ubao wa ubavuni. Ami ana vipande vya mpira wa baiskeli anavyovaa vidoleni, lakini kimoja kilichomoka na uzi ukampasua hadi nyama. Akanipa mshipi nishike wakati anafunga kidole kwa kitambaa, kisha akaurudisha mkononi mwake. Jodari akichoka huanza kuzunguka chini ya chombo, na kila mzunguko unamleta karibu zaidi. Tulikuwa tunamwona anang'aa, anapotea, anang'aa tena. Ami hakusema neno mpaka kulabu ilipoingia. Hapo ndipo watu wa chombo cha pili walipopiga takbira kwa sauti moja.

Nimevua na Ami tangu utoto na sikuwahi kumwona amefurahi vile. Mtu amevua maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumpigia makofi kwa samaki. Siku ile alidhani atapigiwa.

Tulirudi kabla ya Adhuhuri, jodari yumo kwenye deli, barafu juu na chini. Pale ufukweni boti za wageni zilikuwa zinapimiwa papo kwa papo: samaki anashuka, anapimwa, picha, anarudi kwenye barafu. Sisi tukaambiwa tusubiri. Tukaamrishwa tumtoe jodari tumlaze juu ya turubai pamoja na samaki wa vyombo vyengine vya kienyeji ili wageni waone. Jua la saa saba! Ami akaniambia, "Mwanangu, mfunike na gunia, limwagie maji." Nikamfunika. Akaja mmoja mwenye kitambulisho shingoni akalivuta gunia na kulitupa pembeni, eti linaharibu picha. Nikalirudisha, akalivuta tena.

Anayeuza samaki anajua maana yake. Jodari damu yake ni ya moto kuliko maji anayoogelea, na akipigana sana nyama inazidi kupata joto. Usipomtia barafu haraka nyama yake inatengeneza sumu ya histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Mlaji anavimba uso, kichwa kinamgonga, anatapika. Jodari wetu alikaa juani mpaka Alasiri ikaadhiniwa. Tulimlinda tangu anatoka majini, wakamharibu wao kwa ajili ya picha.

Alipopimwa sindano ilisimama kwenye kilo 38. Watu wakashangilia. Mpimaji akainama kwenye karatasi, akauliza samaki amevuliwa na nani na kwa kifaa gani. Ami akamwonesha mshipi, akamwonesha na kidole kilichofungwa, akamweleza hata kwamba mie nilimshikia uzi. Jibu likaja kwamba hahesabiwi. Hakuvuliwa kwa fimbo na gurudumu la kukunjia uzi, na walioshika ni wawili.

Kanuni hizo nimekuja kuzisoma baadaye. Zipo kweli. Ni za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo kilichoanzishwa 1939, na wanaotafuta rikodi za dunia wana haki ya kuzifuata. Sina ugomvi nazo. Lakini kanuni hizo hizo zinataka mizani iwe imethibitishwa na wakaguzi ndani ya miezi 12, na zinataka uzito wa kamba au kifaa cha kuning'inizia utolewe kwenye hesabu. Mizani ya pale haikuwa na alama yoyote ya ukaguzi niliyoiona, na samaki wote walipimwa na mnyororo wa chuma ambao hakuna aliyeutoa kwenye hesabu. Kanuni zilikaza zilipotufikia sisi, zikalegea zilipowafikia wao. Na kama mshipi wa mkono hauhesabiwi, gari la matangazo lilizunguka kwenye vijiji vya watu wa mshipi kutafuta nini? Kiingilio chetu kilipokewa bila mtu kuuliza tunavua kwa nini.

Ami akasema sawa, basi nipeni samaki wangu niwahi mnada. Hapo ndipo tukaambiwa samaki wote ni mali ya mashindano, imo kwenye karatasi mliyotia saini. Bwana diko, msimamizi wa diko letu, alikuwapo, akajaribu kusema kwamba huku kwetu samaki ni wa aliyemvua mpaka auzwe. Wakamjibu kwamba hapa si dikoni. Jodari akabebwa na vijana wawili, akatupwa nyuma ya gari pamoja na nguru wa watu na makolekole.

Wakatangaza kwa spika kwamba samaki wanapelekwa kwa mayatima. Nina shangazi anayepika kwenye kituo cha mayatima, na kilichofika kwake jioni ile ni ndoo ya changu na tasi. Jodari hakufika. Nguru hawakufika. Walikokwenda sijaambiwa mpaka leo, na nimeuliza.

Ilitangazwa pia zawadi ya mashine ya boti kwa mvuvi bora wa kienyeji. Hakupewa mtu. Tulipewa fulana na cheti, tukaambiwa zawadi itafuata.

Usiku ule Ami alinunua dagaa kwa mchuuzi ili watu wa nyumbani kwake wapate kula. Amevua jodari wa kilo 38, amepasuka kidole, na amenunua dagaa. Deni la petroli tulilimaliza kwa kuvua siku nyengine. Kila nikisikia ile spika inapita mtaani nalikumbuka lile deni.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema mashindano yanaleta wageni, yanatangaza kisiwa, tusiwe wachoyo. Mimi napenda wageni waje. Napenda wamwone mtu anayemtoa jodari kwenye mkondo kwa mikono mitupu, kwa sababu si kila mahali duniani utamwona. Tangu 2020 Serikali imeuweka uchumi wa buluu mbele, tuna wizara nzima inayobeba jina hilo. Nauliza kwa dhati kabisa: kwenye uchumi huo, mvuvi aliyelipa kiingilio, akanunua petroli, akahatarisha roho yake, akanyang'anywa samaki, yeye amepata nini? Waandaaji walipata viingilio vyetu, picha zetu na samaki wetu.

Kwa hiyo waandaaji, kama mnasoma, na najua mnasoma kwa sababu mnatangaza humu humu: masharti yaandikwe Kiswahili na yasomwe dikoni kwa sauti wiki nzima kabla, wanaojua kusoma na wasiojua wasikie sawa. Muandike wazi kwamba samaki ni wa chombo kilichomvua. Mkimtaka, mnunueni kwa bei ya mnada, taslimu, pale pale. Watu wa mshipi wa mkono wapimwe kwenye kundi lao, na zawadi yao iletwe ufukweni ionekane kwa macho kabla chombo hakijatoka. Barafu iwepo kwenye mizani, na anayefika kwanza apimwe kwanza, awe mgeni awe mtu wa Wesha. Na tarehe mkae na wazee.

Vijana mliokwisha jiandikisha, nendeni mkaombe ile karatasi leo. Msiweke saini wala dole mpaka mtu mnayemwamini awasomee mstari kwa mstari. Wakikataa kuwapa, rudini na pesa zenu mkanunue petroli.

Na nyie mliokuwapo siku ile, wa Wesha, wa Tumbe, wa Kojani, naomba muandike hapa chini chombo chenu kilitoa nini na kilichukuliwa samaki gani. Msiandike majina ya watu, andikeni samaki tu. Nataka nikusanye yote niyachape, nimpelekee sheha na kamati ya wavuvi kabla usajili haujafungwa.