Mjadala: Fremu ya baskeli iliyoungwa uani kwa mtu, iuzwe bila muhuri?

Fundi wa Bopwe

Assalaam alaykum. Ijumaa hapa Wete tulivutana barazani mpaka adhana ya Laasiri. Wenzangu wanasema fremu ya baskeli iliyoungwa nyumbani isiuzwe mpaka Taasisi ya Viwango ya hapa Zanzibar iikague na kuipiga muhuri. Mie nasema iuzwe. Nauleta mjadala huku ili mafundi wa Unguja nao waseme, na zaidi wale wanaozipanda.

Nimeshaunga fremu tatu uani kwangu. Moja naipanda mwenyewe, moja anayo shemeji yangu, ya tatu iko kwa mwanangu mkubwa. Sasa kijana wa Konde ameleta arbuni anataka ya nne, nyepesi, aje nayo skuli kila siku. Hii ndiyo ya kwanza ya kuuza, na ndiyo iliyozusha maneno.

Mabomba siyanunui mapya. Nayatoa kwenye fremu za mtumba zilizopinda, zinazouzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Kuyajua si kazi. Bomba la siti katika fremu nyingi za zamani lina upana wa milimita 28.6 kwa nje. Chomoa lile bomba dogo linaloshika siti, lipime kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili. Likiwa 25.4, maana yake ukuta wa bomba la siti ni milimita 1.6, chuma cha kawaida, liache hapo hapo. Likiwa 27.2, ukuta pale juu hauzidi 0.7, na mara nyingi hiyo ni feleji yenye kromi na molibdeni, wenyewe tunaita kromoli. Mita moja ya bomba la ukuta wa 1.6 ina uzito wa kilo moja na ziada. La ukuta wa 0.6 ni gramu 415 hivi. Aliyepanda vilima vya Pemba asubuhi, tope limeshika tairi, hahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Naunga kwa gesi, kwa shaba ya manjano na boraksi, unga wa kusafisha chuma motoni, bomba ndani ya soketi, ile shingo ya chuma inayovalishwa kwenye kiungo. Ukipasha sawasawa, shaba inanywewa na mwanya, unaiona inatokeza ukingo wa pili kama uzi. Viungo vyangu ni safi, sina wasiwasi navyo.

Sasa muhuri. Kipimo cha kimataifa cha baskeli, ISO 4210, kinataka fremu ikanyagwe na mashine mara 100,000, na nyingine iangushiwe uzito. Fremu iliyopita humo imeshachoka, huwezi tena kumpa mtu. Kiwanda kinachotoa fremu elfu kinatoa chache zikavunjwe kwa niaba ya wenziwe. Mie ninayeunga moja kwa mwezi, nikiitoa ikavunjwe, nauza nini? Muhuri kwa fundi wa uani maana yake ni kumwambia aache. Na akiacha, kijana wa Konde atanunua mtumba ambao hakuna aliyeukagua vilevile.

Mama wa Jang'ombe

Waalaykum salaam fundi. Mie si fundi, lakini umesema waseme wanaopanda, na mwanangu anapanda.

Mwaka juzi baskeli yake ilitiwa foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, na fundi mmoja. Ilikatika pale juu, foki inapoingia kwenye fremu, mtoto amefunga breki kumkwepa kuku. Alivunjika meno mawili ya mbele. Niliichukua ile foki mikononi. Nje rangi nyeusi inang'aa, nzuri kabisa. Ndani ya mpasuko nusu ilikuwa na kutu ya zamani, nusu inameta kama kijiko kipya. Jirani yangu akanambia ile nusu yenye kutu ilikuwa imeshapasuka siku nyingi, tunampandisha mtoto juu yake. Fundi alipoitwa akasema ni bahati mbaya.

Unasema viungo vyako ni safi na huna wasiwasi. Yule naye hakuwa na wasiwasi. Nataka unijibu moja tu: mie ninayelipa, nitajuaje? Rangi ikishapita juu, cha mwizi na cha mwaminifu vinafanana.

Muuza Samaki wa Malindi

Yakhe, mie naona mnagombania kitu kisichotufaa. Baskeli yangu inabeba tenga la samaki na barafu, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye mabomba ya nyuma tangu alfajiri. Bomba la milimita 1.6 likiliwa na kutu 0.2 halijali. Hilo lako la 0.6 likiliwa 0.2 limeondoka theluthi nzima. Huku kwetu hata bawaba za mlango zinaliwa na upepo wa bahari, sembuse bomba jembamba kama gamba la yai.

Wepesi ni wa watu wa mashindano. Sisi tunataka kitu kizito kinachokaa.

Maalim wa Karakana

Nimefundisha uchomeleaji miaka mingi, Unguja na Pemba, na wanafunzi wamenipitia wakiwa na hamu hii hii. Niseme wazi kwanza: nataka vijana wetu waunge fremu. Hakuna kazi inayomfundisha mtu kutumia tupa, kupima na kutawala moto kwa pamoja kama hii. Kwa hiyo nisifahamike vibaya.

Ndugu yangu fundi, umesifu viungo. Mie nakuuliza mabomba. Mabomba mepesi mazuri hayana ukuta wa unene mmoja. Alfred Reynolds wa Birmingham alisajili hataza ya jambo hilo mwaka 1897: ncha nene, katikati nyembamba. Bomba linaweza kuwa 0.8 huku na huku, na 0.5 katikati. Ncha zimeachwa nene kwa sababu ndipo moto wa kuungia unapopita, na ndipo nguvu za barabara zinapokusanyika. Kwa nje huoni kitu, upana ni ule ule. Sasa wewe unalitoa bomba kwenye fremu ya mtu mrefu, unalifupisha likae kwenye fremu ya kijana. Umekata upande gani, na umekata kiasi gani? Ukikata sentimita saba za ncha nene ukaunga palipobaki, umeunga kwenye ngozi ya katikati. Shaba yako itakuwa safi kama unavyosema, na fremu itapasuka sentimita moja nyuma yake, upande wa chini wa bomba la chini, lile linalopanda kutoka kwenye krenki, jirani na kichwa, pale foki inapoingia. Ndipo zinapopasuka hizi.

Nyongeza kwa wanaotaka kuanza. Kromoli ikibebeshwa mzigo inanepa sawa na chuma cha kawaida cha unene huo huo. Inachozidi ni kustahimili mzigo mkubwa kabla haijapinda isirudi tena, ndiyo maana inaruhusu ukuta mwembamba. Ikitoka motoni usiimwagie maji, iache ipoe yenyewe, la sivyo inakuwa kama kioo. Na msithubutu kuunga mabomba ya maji yaliyopakwa zinki kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Moshi wake utakulaza na homa usiku kucha, na mabomba yenyewe ni mazito.

Muhuri wa serikali kwa fremu moja moja siuungi mkono, hapo tuko pamoja. Lakini Mama wa Jang'ombe ameuliza swali ambalo hukulijibu. Pendekezo langu ni hili: fundi anayetaka kuuza, aunge fremu, kisha aikate kwa msumeno kwenye kila kiungo, mbele ya watu, kabla hajapokea senti ya mtu. Na foki asiuze kabisa, anunue iliyotoka kiwandani. Fremu ikipasuka mara nyingi inakupa muda, utasikia inalia, utaona rangi imepasuka. Foki haikuambii.

Fundi wa Bopwe

Maalim, nimekusoma mara mbili. La foki nakubali nusu. Fremu zote tatu nilizounga zina foki za kiwandani, ila sioni kwa nini nizuiwe milele kama nitajifunza.

Muuza Samaki, la kutu ni kweli na sikulifikiria ipasavyo. Natoboa tundu dogo kila bomba linapokutana na bomba, ili hewa ya moto itoke, na kutu ya ndani naizuia kwa mafuta ya kitani, nayazungusha humo mpaka yashike. Lakini baskeli ya kumwagiwa maji ya chumvi kila siku, sikuuzii mie, kanunue nzito. Wepesi si wa mashindano tu, lakini. Kijana wa miaka 15 anayesukuma kilo 20 za chuma mlimani kabla ya somo la kwanza anafika darasani hana nguvu ya kushika kalamu. Nimekuwa kijana huyo.

La kukata fremu nzima ndilo gumu. Fremu moja ni usiku wa wiki tatu. Gesi ni ghali, fimbo za shaba ni ghali. Mnanitaka nikate kitu kizima ili kuthibitisha kuwa ni kizima.

Mama wa Jang'ombe

Fundi, umemjibu Maalim, umemjibu muuza samaki. Mie bado.

Hukuombwa ukate ya kijana wa Konde, hiyo hujaiunga. Unayo yako unayoipanda. Kata hiyo. Kama ni safi utaunga nyingine na utauza kwa jina zuri. Kama si safi, ndipo utakuwa umejua.

Maalim wa Karakana

Naunga mkono. Na ukikata usitazame shaba peke yake, pima ukuta wa bomba kwa kalipa, pembezoni mwa kiungo, pande nne.

Fundi wa Bopwe

Nimekata.

Ilinichukua siku nne kuamua. Jana baada ya Isha niliifunga kwenye jiliwa, nikaanza na kiungo cha kichwa na bomba la chini, nikipasua kwa urefu ili soketi, shaba na bomba vyote vionekane. Mwanangu alishika taa.

Shaba imejaa. Nimesafisha kwa msasa mpaka ikatokeza mistari mitatu, kijivu cha soketi, manjano ya shaba, kijivu cha bomba, kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili bila tundu. Nilimwonesha mwanangu kwa furaha, wallahi nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kuwaandikia.

Kisha nikatia kalipa. Juu ya bomba 0.52. Ubavuni 0.50, ubavu wa pili 0.50. Chini 0.48, baada ya tupa na msasa wangu mwenyewe. Nikapima bomba hilo hilo upande wa krenki: 0.8. Nilikata ncha ya juu. Fremu niliyoitoa ilikuwa ya mtu mrefu, nilifupisha sentimita tisa, zote upande mmoja, kwa sababu ncha ya chini ilikuwa imeshachongwa vizuri kiwandani na sikutaka kurudia kuichonga. Kazi ya nusu saa niliyoikwepa.

Fremu hii nimepanda Wete mpaka Chake mara nyingi, nateremka vilima bila kushika breki. Haikupasuka. Sitasema kwamba ingepasuka, lakini nisingempa mtoto wa mtu.

Ya shemeji na ya mwanangu nimezizuia zote mbili. Ya mwanangu nakumbuka bomba halikufupishwa, lakini kukumbuka si kupima, nitatafuta njia. Kuna anayejua namna ya kupima ukuta bila kukata? Nimejaribu kugonga kwa ukucha na kusikiliza mlio. Katikati na nchani inatofautiana kweli, ila siwezi kuita hicho kipimo.

Msimamo wangu: muhuri bado naukataa. Mkaguzi yeyote angeshika fremu hii jana asubuhi angeona viungo vizuri na kuipitisha. La kukata nimelikubali, na naongeza: vipande vya ncha vilivyokatwa kwenye kila bomba apewe mnunuzi, vimefungwa pamoja na vipimo, kabla ya rangi. Ukipewa kipande cha 0.8 kirefu kuliko kidole, uliza kwa nini ncha nene iko mkononi mwako na haiko kwenye baskeli.

Muuza Samaki wa Malindi

Mie bado nasema ukuta wa 0.5 hauna mahali pake kisiwani. Lakini umekata yako mwenyewe, na hilo sikulitarajia.

Maalim wa Karakana

Kipimo kipo, fundi. Kuna kifaa cha mawimbi ya sauti kinachopima unene wa chuma kwa upande mmoja tu, mafundi wa meli wanakitumia kupima mabati ya chombo. Kwa ukuta mwembamba namna hii kinataka kichwa chake maalumu. Na kwa sasa, chomoa siti na krenki, tia taa kwenye fremu uangalie ndani. Panapoanza ncha nene, mwanga unavunjika kama kivuli cha pete.

La foki sijakuachia.

Mama wa Jang'ombe

Ahsante fundi. Na arbuni ya kijana wa Konde?

Fundi wa Bopwe

Nilimrudishia leo. Hakuipokea. Amesema atakuja Jumamosi baada ya chuo, tukate mabomba pamoja na yeye ndiye ashike kalipa.