Tupeane uzoefu: mashine yenye akili ikiingia kazini, chama kishike wapi?

Mwenye uzi
Salamu kwenu nyote. Uzi huu ni wa wanaojua kazi na sheria zake. Visa vya "mimi nilifutwa hivi" vina mahali pake. Hapa leteni kitu mtu anachoweza kukikata na kwenda nacho kikaoni: kifungu, hesabu, hatua, mtego. Kuna aliyeuliza juzi historia ya makuli wa bandari inahusiana nini na akili unde, yaani hizi mashine zenye akili. Wa Majengo, mjibu.

Majengo
Inahusiana sana, ndugu yangu. Makuli wa Kilindini, bandari ya Mombasa, waligoma 1939, na kodi ya nyumba ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Tarehe 13 Januari 1947 mji ukasimama: watu kama 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli, mpaka watumishi wa majumbani, kwa siku 12. Mikutano ilifanyiwa hapa Majengo, kwenye uwanja ambao wagomaji waliuita Kiwanja cha Maskini. Humo kikazaliwa African Workers Federation, chama kisichobagua kuli na karani. Kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa Kabarnet.

Yaliyofuata ndiyo wengi huyaruka. Serikali na makampuni walitambua kwamba kibarua wa kutwa, asiye na kazi ya kupoteza, ndiye awezaye kuufunga mji. Miaka ya 1950 wakaanza kuwaandikisha makuli: wachache, wanaojulikana, wa kazi ya kudumu. Mgomo wa bandari wa 1955, ambao Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliusuluhisha, uliwapatia nyongeza nzuri ya mshahara. Aliye ndani ya daftari akaneemeka. Aliye nje akabaki nje, na hakuna aliyemuuliza hali.

Basi swali la kwanza mashine ikija si "itachukua kazi ngapi?" Ni "daftari lina nani, na nani kaachwa nje?"

Kizingo
Namuunga mkono Majengo kwa mfano wa ng'ambo. Mwaka 1956 meli Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Wakubwa wa bandari wakaona mbele, na makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani wakaona pia. Mwaka 1960 chama chao, ILWU chini ya Harry Bridges, kiliweka mkataba: mwajiri alete mitambo apendavyo, lakini alipie mfuko wa kuwalinda walioandikishwa kikamilifu. Mkataba huo husifiwa mpaka leo, na kwa haki. Ila walikuwapo waliosajiliwa kwa daraja la pili, daraja B, na kwao neema ilikuwa haba. Chama kiliwauzia waajiri ruhusa ya mashine kwa bei nzuri; waliolipa sehemu ya bei hawakuwa mezani.

Oktoba 2024 makuli wa pwani ya mashariki ya Marekani waligoma siku tatu, na mitambo ya kujiendesha ilikuwa mojawapo ya hoja mbili kuu. Mshahara ulipatiwa jawabu upesi: asilimia 61.5 kwa miaka sita. Suala la mitambo likasogezwa mbele hadi mazungumzo ya baadaye. Angalieni kipi kilikuwa rahisi kutoa.

Gati 16
Mimi niseme habari ya kamera za geti la bandari, zinazosoma namba za makontena, maana watu huogopa kisichokuwapo na hudharau kilichopo.

Namba ya kontena ina herufi nne, tarakimu sita, halafu tarakimu moja ya kuhakiki. Ile ya mwisho haikubuniwa tu: kila herufi ina thamani yake (A ni 10, B ni 12, kwa sababu 11 na vigawe vyake hurukwa), kila nafasi huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea, jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu. Baki ikiwa 10, huandikwa 0. Kwa CSQU 305438 inatoka 3. Kamera ikisoma 8 badala ya 3 kwa sababu ya kutu, hesabu inakataa na mashine inajua imekosea.

Kwa kusoma namba, basi, kamera ni hodari. Inaposhindwa ni hapa: chumvi na vumbi juu ya rangi iliyochujuka, namba iliyopigwa kiraka, mvua ya masika usiku, lori lililosimama mshazari. Na kuna mambo ambayo tarakimu ya kuhakiki haiyajui kamwe: lakiri iliyokatwa ikabandikwa, mbonyeo mpya kwenye kona, mpira wa mlango uliochanika ukaacha maji yaingie. Kazi ya karani wa tali, anayehesabu na kukagua mizigo, haikuwa kuandika namba peke yake. Ilikuwa kusema "hili liliingia hivi", ili deni la uharibifu lisimwangukie asiyehusika.

Mtego sasa. Kamera zikiingia, makarani wa kila njia ya malori getini huondolewa, anabaki mmoja kwenye skrini akipokea kila kinachokataliwa na mashine kutoka njia zote. Jina la cheo ni lilelile, daraja la mshahara ni lilelile, lakini rahisi yote imekwenda kwa kamera na ngumu yote imemiminiwa yeye. Akikosea, kumbukumbu ina jina lake na dakika. Chama kidai upimaji mpya wa kazi hiyo kabla ya kamera kuwashwa, na kiweke idadi ya juu ya njia kwa karani mmoja. Baada ya miezi sita "hivi ndivyo kazi ilivyo", na hapo umechelewa.

Frere Town
Gati 16, mwajiri akisema kamera ni za usalama tu?

Gati 16
Aandike. "Picha na takwimu za mfumo huu hazitatumika kupima kasi wala kumshtaki mfanyakazi." Sentensi moja. Akikataa kuiandika, amekujibu.

Bi Tudor
Kwenye sheria niacheni mimi. Kenya haina sheria ya ajira inayotaja akili unde, lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yatosha kuanzia. Mwajiri anayepunguza watu lazima:

kwanza atoe taarifa ya maandishi kwa chama na afisa wa leba, yenye sababu na ukubwa wa upunguzaji, si chini ya mwezi mmoja kabla. Asiye mwanachama huarifiwa yeye mwenyewe, na afisa wa leba pia. Achague wa kuondoka kwa kutazama muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Alipe likizo iliyobaki. Atoe notisi ya mwezi au mshahara wake. Alipe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Watu hukosea pawili. La kwanza, taarifa ya nia ya kupunguza si notisi ya kuachishwa. Ni mbili, na katikati yake pana mashauriano. Mahakama ya Rufani ilitilia mkazo mashauriano hayo mwaka 2014 kwenye kesi ya Kenya Airways. Barua moja inayosema "kuanzia leo" ina walakini mkubwa.

La pili ni hesabu. Chukua mshahara wa shilingi 36,000 na miaka minane. Siku ni 120. Ukigawa mwezi kwa 30, siku ni 1,200, jumla 144,000. Ukigawa kwa 26, yaani siku za kazi, jumla ni 166,154 hivi. Tofauti inazidi 22,000 kwa mtu mmoja, na zote mbili hutumika. Kigawanyo kiandikwe mapema kwenye mkataba wa pamoja, ule wa chama na mwajiri. Mkiwa mmeshaanza kuzozana hamtapata kizuri.

Makupa
Bi Tudor kaniwahi. Niongeze la mkataba wa pamoja. Chama hakina nguvu ya kuudai kabla hakijatambuliwa, na kutambuliwa kwataka zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kujiunga. Kukusanya saini za Fomu S, ile ya kukubali kukatwa ada ya chama, ndiyo kazi ya kuchosha kuliko zote, na ndiyo inayoachwa. Mkishatambuliwa, Sheria ya Mahusiano ya Kazi inamtaka mwajiri awape habari zinazohusu mazungumzo. Ombeni kwa barua: mfumo gani umenunuliwa, unakusanya nini, unaamua nini, nani anaweza kuubatilisha.

Kwenye kifungu cha mkataba kinachohusu mashine msiandike "roboti" wala "kompyuta mpya". Mara nyingi akili unde huja kama programu ileile iliyoongezwa kitu usiku, hakuna hata boksi lililofunguliwa. Andikeni: "mabadiliko yoyote ya kifaa, programu au utaratibu yanayopima, yanayoamua au yanayochukua sehemu ya kazi." Halafu taarifa ya miezi mitatu, mafunzo ndani ya saa za kazi kwa gharama ya mwajiri, na anayehamishwa asishushwe mshahara. Mkataba ukishasainiwa usajiliwe mahakamani. Usiosajiliwa ni karatasi.

Waandishi wa filamu wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023 wakatoka na jambo dogo la maana: kampuni ikimpa mwandishi maandishi yaliyotungwa na mashine, lazima imwambie. Hata mapokezi ya hoteli za Nyali wanaweza kulidai hilo.

Kisauni
Na wenye teksi za programu? Hao si waajiriwa, kifungu cha 40 hakiwafiki.

Bi Tudor
Kweli, mwanangu. Kwao tumieni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35. Mtu ana haki asiamuliwe jambo zito na mashine peke yake, na uamuzi ukishatolewa aweza kutaka ufikiriwe upya. Akaunti ikifungwa: piga picha ya ujumbe, alama za abiria na safari za mwisho siku hiyohiyo, kwa kuwa akaunti ikifungwa kabisa huvioni tena. Andika barua pepe ukitaja kifungu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inampa siku 90 kuyamaliza. Kamisheni inayokatwa na kampuni ya programu nayo, kanuni za 2022 zimeweka kikomo cha asilimia 18, basi kagua makato.

Bamburi
Msiwasahau wanaoifundisha mashine yenyewe. Ukiona vyaelea vimeundwa, na hii akili iliyoundwa imeundwa kwa sehemu na vijana wa Kenya wanaoweka alama kwenye picha na kusoma machafu ya mtandao. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama cha wasimamizi wa maudhui. Huku wengi hufanyia nyumbani, kwa kipande.

Linalowaumiza ni mwongozo kubadilika katikati ya kazi: vipande 200 vilivyofuata mwongozo wa jana hukataliwa kwa mwongozo wa leo. Hifadhi nakala ya mwongozo yenye tarehe kabla ya kuanza. Andika pia muda wa kusoma maelekezo na majaribio yasiyolipwa. Ukigawa malipo kwa saa zote, si za vipande tu, ndipo utaijua bei yako halisi.

Frere Town
Na kibarua wa ghalani, wa kuitwa kila asubuhi? Majengo umemtaja mwanzo hamkurudi kwake.

Majengo
Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ileile, sheikh. Akifanya siku mfululizo ambazo jumla yake ni mwezi, au kazi isiyoweza kwisha chini ya miezi mitatu, anahesabiwa wa mwezi, si wa kutwa. Shida ni ushahidi. Daftari la mwajiri litasema siku nne. Awe na lake: tarehe, msimamizi wa zamu, ghala, malipo ya M-Pesa, pasi ya getini kama ipo. Na chama kiandike majina hayo sasa, kabla ghala halijaletewa skana, kwa sababu upunguzaji ukitangazwa wataulizwa ni wangapi, na jibu litatoka kwa mwenye orodha.