Uliyenunua desktop ya nyumbani kwa bei nzuri, tupeane uzoefu: uliipata wapi, ulikagua nini, jumla ilifika ngapi?

kasuku_wa_tabata

Habari za jioni wakuu. Nina vijana wawili, mmoja form three mwingine ndo kaanza chuo, wanagombania laptop moja ambayo betri ilishakufa kitambo kwaiyo inaishi kwenye chaja. Mama yao kasema si bora tununue desktop ikae sebuleni kila mtu aone mwenzie anafanya nini 😄 nikaona ana hoja. Nimepita madukani, mpya ya boksi naambiwa milioni moja na laki nne kwenda juu na hapo kioo (monita) bado, halafu mtaa wa pili kuna zile zilizotoka maofisini Ulaya zimepangwa kama matofali, laki mbili na nusu mpaka laki sita, kwa macho zote zinafanana. Naomba nisiambiwe "tafuta core i7", hiyo prosesa kila winga (dalali wa mtaani) anaijua. Nataka walionunua waseme: uliipata wapi, bei gani, ulikagua vipi kabla hujatoa hela, na ukifika nyumbani ukakuta unadaiwa nini kingine. Wa Kenya, Zanzibar, Uganda, mlioko Arabuni, karibuni wote.

mzee_wa_likoma

Mkuu umekuja mahali pake. Mie nimechukua HP EliteDesk 800 G4 ile ndogo ya kulala, prosesa i5-8500, ram 8GB, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya 256GB, Kariakoo. Alianzia laki sita na nusu tukamalizana laki nne na themanini. Kitu cha kwanza nenda asubuhi na nenda peke yako, ukiingia dukani umeongozana na winga ujue posho yake ishapakwa juu ya bei na muuzaji hawezi kushuka mbele yake hata akitaka.

Hiyo ya i7 umesema kweli aisee. Duka nililoanzia kulikuwa na mashine ina stika ya i7 inang'aa, laki tatu na nusu, dogo anaisifia mpaka jasho. Nikamwambia washa. Kuwasha kumbe i7-2600. Ikiwa na tarakimu nne kama hii, ya kwanza baada ya ile i7 ndo inakwambia ni generation ya ngapi, hiyo ni ya 2, kitu cha mwaka 2011. i5-8500 ni ya 8, ya 2018, ina koa (core, yaani vichwa vya kufanyia kazi) sita wakati ile i7 ina nne, yaani "mdogo" anampiga "mkubwa" mchana kweupe. Nikamuuliza dogo mbona hii ya zamani hivi, akanijibu "mzee i7 ni i7". Nikaaga.

Jumla sasa, maana ndo umeuliza: CPU (boksi lenyewe la mashine) 480,000, kioo cha inchi 22 mtumba 140,000, UPS (ile ya betri ya kushikilia umeme ukikatika) 150,000, kibodi na mausi 25,000, kile kidude cha waifai cha kuchomeka USB 20,000 maana hizi za ofisi nyingi hazina waifai ndani zilikuwa zinatumia waya, na adapta ya 15,000 sababu tundu la waya wa kioo kwenye mashine ni DisplayPort na kioo changu kinataka VGA. Piga hesabu, laki nane na thelathini. Ile laki nne na themanini niliyokuwa natamba nayo kijiweni ni nusu tu ya habari.

jirani_wa_githurai

Niaje wasee. Mimi niko Nairobi, nilizunguka Luthuli na Moi Avenue Jumamosi mzima. Hapa wanasema "ex-UK" kwa kila kitu hata kama imetoka Ngara, usishtuke. Nilichukua Dell OptiPlex 7060, i5 ya 8th gen, 8GB, SSD 256 kwa elfu 22 za Kenya, alikuwa ameanza na 27. Monita ya 22 elfu 7, nikamwambia anipatie keyboard na mouse juu yake akakubali bila maneno mingi.

Kitu ilinisaidia ni simu. Dell iko na service tag, kale kasticker kadogo nyuma ama kwa juu, unaingiza hiyo namba kwa site ya Dell inakuambia mashine ilitoka kiwandani lini na ilikuwa na nini ndani. Jamaa aliniambia ni ya 2021, site ikasema 2018, sikumgombanisha nilimuonyesha tu screen. Elfu mbili ikatoka hapo hapo.

Na ukilipa na M-Pesa lipa kwa till ya duka, ile ya kutoa risiti yenye jina la duka, usitume kwa namba ya mtu ati "boss hii ni yangu personal hakuna shida". Warranty yao ilikuwa miezi sita, waliandika kwa risiti na kalamu pamoja na serial namba. Sijawahi kuitumia, mashine bado iko fiti.

fundi_bisibisi

Mimi ni fundi na huwa nauza pia mojamoja, chukueni maneno yangu mkilijua hilo.

Mwambie azime kabisa mashine halafu awashe mbele yako, asikuonyeshe ambayo tayari inawaka. Ikianza tu kuwaka gonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo, unaingia BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe kabla ya Windows. Hapo hakuna stika inayodanganya, utasoma prosesa kwa jina lake kamili, ram, serial. Angalia na saa. Ikiwa tarehe imerudi nyuma miaka huko betri ya CR2032 imekufa, yenyewe ni bei ya soda na chipsi lakini inakwambia mzigo umekaa stoo muda mrefu, itumie kushushia bei. Ikikuomba password usibebe eti utaenda kuitoa nyumbani, kuna ambazo unatoa kwa jampa (kapini ka kwenye motherboard) ya ndani na kuna ambazo zitakusumbua, aitoe yeye wewe ukiwa umesimama hapo.

Pili, nenda na flash yenye CrystalDiskInfo, ni programu ya bure. Inasoma diski imewaka masaa mangapi toka izaliwe. Nimeshakuta HDD (diski ya zamani ya kuzunguka) ya masaa elfu 40 na ushee dukani imeandikwa "clean", hiyo ni zaidi ya miaka minne na nusu inazunguka bila kuzimwa. Kama ni SSD inakupa afya kwa asilimia. Mimi HDD kwa ajili ya Windows siishauri tena kwa mtu yeyote, weka SSD hata ya 256 na hiyo HDD ibaki ya kuhifadhia muvi.

Tatu fungua mfuniko, hizi za ofisi nyingi hazitaki hata bisibisi, kuna kitasa unavuta. Angalia ram. Yenye kijiti kimoja cha 8 na nafasi wazi mimi naipenda kuliko ya vijiti viwili vya 4, japo viwili vinakimbia kidogo zaidi, sababu ukija kuongeza hutupi kitu. Na ram ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye mashine ya DDR4, jamani, kila wiki kuna mtu analeta ram kanunua kwa rafiki. Kama unafikiria 16 bora uipate humo humo kwenye mashine, ram zimepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vimegeukia kuuzia wenye masava ya AI.

Halafu Windows. Windows 10 Microsoft waliacha kuisapoti 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inakubali rasmi kuanzia gen ya 8 na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine). Ndo maana maofisi ya Ulaya yanamwaga gen 6 na 7 na zimekuwa chee. Muuzaji atakwambia "hii gen 6 ina Windows 11 angalia mwenyewe", kweli ina, imepitishwa dirishani, itafanya kazi ila Microsoft hawaitambui na siku sasisho kubwa likigoma usinitafute usiku. Gen 7 kwa laki tatu kwa homework na YouTube sikatai, ukiweka Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) ndo kabisa. Ila usiilipie bei ya gen 8.

kasuku_wa_tabata

Fundi barikiwa. Na habari za kuactivate Windows ikoje? Kuna mmoja kaniambia niongeze elfu 50 ya "leseni".

fundi_bisibisi

Usitoe kwanza. Mashine za hizo brandi zilizotoka na Windows 10 kuja juu ufunguo umekaa kwenye motherboard, ukipiga Windows ya aina ileile, kama ilikuwa Pro weka Pro, ukiunganisha intaneti inajiactivate yenyewe. Ingia settings usome imeandikwa nini, kama tayari ipo activated hiyo elfu 50 ni ya chai.

bi_mkubwa_mlandege

Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja, huku mitumba mingi inatoka Dubai na kontena likifunguliwa tu watu washajua. Nlikwenda na mwanangu wa kiume anojua mambo hayo, tukachukua HP ya aina hiyohiyo alosema mzee wa Likoma, ila nawambia wanawake wenzangu kitu kimoja: wakikuona umeingia peke yako na buibui lako bei inapanda ngazi, na maelezo wanampa mwanamme aliyesimama nyuma yako hata kama humjui 😂 Nlimwambia yule kijana, mwanangu pesa zimo kwenye mkoba huu, nizungumze mie. Akacheka, akapunguza.

All-in-one nlizikataa, zile kioo na mashine kitu kimoja. Nzuri kwa sura, mezani hazijazi. Lakini kioo kikipasuka umekosa vyote viwili na kioo chake hukipati dukani kwa wepesi. Ndugu yangu anayo moja imekaa kabatini.

msafiri_bur_dubai

Wakuu niko Dubai. Duka za kompyuta ziko nyingi pale Khalid bin Walid Road, wenyewe wanaita Computer Street, na lile jengo la Al Ain Centre. Bei ukilinganisha na Dar inashuka kidogo sio sana, ukiweka na mzigo wa ndege tofauti inaisha. Nilichofanya mimi likizo niliwabebea nyumbani zile ndogo kabisa za lita moja, EliteDesk Mini, Lenovo wanaita Tiny, Dell wanaita Micro. Zinaingia kwenye begi katikati ya nguo, uzito kama kilo moja na kitu, na zinatumia chaja kama ya laptop inayokula volti 100 mpaka 240 kwaiyo umeme wowote poa. Plagi za huku ni zilezile za pini tatu za nyumbani. Cha kuangalia kibodi, ukipewa ya bure ina Kiarabu pembeni ya kila herufi, watoto walizoea ila mzee wangu aligoma kuigusa.

Waranti ya huku ukivuka bahari sahau.

Kasoro ya mini, kijana akikua anataka gemu nyingi hazina pa kuweka kadi ya grafiksi. Ile ya kulala angalau unaweka fupi kama GT 1030 au GTX 1650 ya low profile, ila pawasaplai (boksi la umeme la ndani) ni ndogo na sio saizi ya kawaida, hubadilishi kirahisi. Anayejua mwanawe ni wa gemu achukue tower, ile kubwa ya kusimama, kabisa.

shangazi_wa_himo

Kuhusu volti naomba niongeze. Jirani yetu aliletewa desktop na shemeji yake kutoka Marekani, ya zamani zamani hivi, nyuma ya pawasaplai kuna kaswichi kekundu kameandikwa 115. Hakuna aliyekaangalia, wakabadilisha plagi tu wakachomeka ukutani. Ilipiga paa! na moshi, watoto wakakimbilia nje. Kumbe kalitakiwa kusogezwa kwenye 230. Mpya nyingi hazina hako kaswichi zinajirekebisha, ila ukiona kapo msogeze kwanza jamani. Bahati fundi alibadilisha pawasaplai tu vingine vikapona.

dogo_wa_makongo

Oya na umeme je? Mzee hapa home anasema desktop inakula LUKU.

mzee_wa_likoma

Mwambie mzee atulie. Hii ya kwangu na kioo chake haizidi wati 60 hivi watoto wakiwa kwenye Word na YouTube. Masaa matano kwa siku ni uniti 0.3, mwezi uniti 9. Pasi ya umeme ndo ya kugombana nayo.

kasuku_wa_tabata

UPS kumbe lazima? Laki na nusu nyingine jamani. Na inashika muda gani?

fundi_bisibisi

Kwa mitaa ambayo umeme unakatika na kurudi kwa hasira, ndio. Ya 650VA kwa mashine ndogo na kioo cha 22 tegemea dakika kumi mpaka ishirini betri ikiwa nzima, hiyo ni ya kusevu na kuzima, sio ya kumalizia muvi. Ukinunua mtumba betri yake mara nyingi imeshachoka, ijaribu dukani kwa kuchomoa ukutani mashine ikiwa inawaka, ikizima papo hapo muachie. Na kama mna printa ya leza msiichomeke kwenye UPS, iende ukutani, inavuta umeme mwingi ikianza kupata moto na itaizimisha UPS na kompyuta juu.