Ukuta unatoa unga mweupe na rangi inabanduka chini: nyumba ya matofali ya kuchoma, Kisumu

mamboleo_juu

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla mvua ya Machi haijaanza.

Nyumba iko Mamboleo, matofali ya kuchoma, ukuta wa inchi 6, plasta ndani na nje. Rangi ya sehemu ya chini inafura malengelenge kisha inabanduka kama maganda ya kitunguu. Ukiigusa plasta nyuma yake unakuta unga mweupe, laini kama unga wa ngano.

Shida iko sehemu mbili. Chumba cha kulala cha nyuma, ukuta wa nje, unyevu umepanda mpaka kama sentimita 70. Sebuleni upande wa veranda umefika 40 hivi. Upande wa nyuma hauna gata, na udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi. Veranda iliongezwa baada ya nyumba kukamilika na sakafu yake iko karibu sawa na ya ndani.

Rangi imerudiwa mara mbili, haimalizi mwaka. Fundi wa kwanza anasema tupake lami kwa ndani halafu tubandike tiles. Wa pili anasema plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Nani ana haki hapo? Na kazi gani naweza kufanya mwenyewe?

---

patasi_na_mwiko

Hakuna mwenye haki bado, maana wote wawili wanatibu ndani na maji yanaingilia nje. Ukipaka lami au tiles kwa ndani, maji hayaondoki, yanatafuta pengine pa kutokea. Leo unyevu uko sentimita 70, mwakani utaukuta mita moja na zaidi, juu ya tiles zako.

Huo unga mweupe ni chumvi. Maji yanapanda kwenye vitundu vya tofali, yanabeba chumvi ya udongoni na ya tofali lenyewe, yakifika usoni yanakauka na chumvi inabaki nyuma ya rangi. Inapojikusanya na kukauka inavimba, ndiyo inayoisukuma rangi. Kwa hiyo rangi haina makosa, hata ungenunua ya bei gani.

Kabla hujanunua kitu, fanya vipimo vitatu:

1. Foili. Kwangua rangi sehemu ya sentimita 30 kwa 30, panguza vumbi, bandika karatasi ya foili na uzibe kingo zote nne kwa selotepu. Acha siku mbili. Maji yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa ndani ya nyumba na dawa yake ni madirisha. Yakiwa nyuma ya foili, yanatoka ukutani.

2. Mita ya maji. Usiku funga mifereji yote, andika namba pamoja na ule mshale mdogo. Ukisogea kabla ya asubuhi bila mtu kutumia maji, kuna bomba linavuja chini ya sakafu, na hapo habari nyingine zote zinasubiri.

3. Chimba shimo moja dogo nje, pembeni mwa ukuta wa nyuma, upana wa jembe tu. Tafuta DPC, ile karatasi nyeusi ya lami inayolazwa juu ya msingi kabla ya kuanza kozi za matofali. Tunataka kujua iko juu ya ardhi au chini yake, na plasta ya nje imeishia wapi. Shimo hilohilo liendeleze mpaka uone chini ya msingi, upime kina chake. Kipimo hicho tutakihitaji baadaye.

Lete majibu hapa.

---

lanet_mjengo

Nakubaliana na vipimo, ila lami nisingeitupa kabisa, inategemea inapakwa wapi. Na kama hiyo nyumba haina DPC kabisa, jambo ambalo ni la kawaida kwa nyumba za matofali za zamani, kuna dawa ya kudunga ukutani inayozuia maji kupanda. Unatoboa mashimo ya milimita 12 kwenye mstari wa mota (simiti na mchanga wa kati ya matofali), kila sentimita 12, sentimita 15 juu ya ardhi. Kwa ukuta wa inchi 6 kina ni sentimita 11 hivi, usitokeze upande wa pili. Unapuliza vumbi litoke, unajaza krimu ya silane kwa bunduki kama ile ya silikoni, unaziba. Toboa kwenye mota, si kwenye tofali, maana mota ndiyo njia isiyokatika kuzunguka ukuta mzima.

Huku Nakuru nyumba nyingi ni za mawe, na mawe yetu ya majivu ya volkano nayo yanafyonza maji vizuri sana, kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa matofali peke yake.

---

mamboleo_juu

Asanteni sana. Majibu ni haya. Foili sehemu zote mbili ina maji nyuma, upande wa chumba ni kavu. Mita haikusogea usiku kucha. DPC ipo! Lakini nyuma ya nyumba iko sentimita 5 *chini* ya ardhi, na plasta ya nje imeteremka mpaka udongoni. Chini ya msingi ni sentimita 80 kutoka usawa wa ardhi wa sasa. Upande wa veranda sikuweza kuiona, simiti imegandana na ukuta.

---

patasi_na_mwiko

Basi habari ni njema na ya bei nafuu. Krimu ya kudunga iache kwanza. DPC yako inafanya kazi, imerukwa tu. Udongo umepandishwa juu yake (maua, takataka za ujenzi, mmomonyoko wa jirani, huwa hivyo), na plasta ya nje imekuwa daraja: maji yanapanda ndani ya plasta, yanavuka DPC, yanaingia kwenye matofali ya juu. Vunja daraja.

Upande wa nyuma. Ardhi inatakiwa iwe angalau sentimita 15 chini ya DPC. Wewe umezidi kwa 5, kwa hiyo unashusha 20. Msingi wako utabaki na sentimita 60 za udongo, si mbaya, lakini usizidishe hapo, wala usichimbe mtaro mrefu karibu na ukuta na kuuacha wazi. Fanya mita mbili mbili. Kisha kata plasta ya nje kwa mashine ya kukatia mawe, mstari mnyoofu sentimita 2 au 3 juu ya DPC, na uibandue yote chini ya mstari. Matofali ya chini yabaki wazi. Fundi mwingine atakuja kukwambia aipendezeshe kwa plasta. Mkatalie.

Sasa udongo mweusi. Huo ukilowa unavimba, ukikauka unanywea, na unaobeba nyumba ni uleule. Watu huweka mtaro wa kokoto kando ya ukuta wakidhani wanakausha, kumbe bila njia ya kutokea ule mtaro ni beseni la maji kando ya msingi. Badala yake weka utepe wa zege kuzunguka:

Upana sentimita 75, unene 10. Chini yake toa udongo mweusi wa sentimita 30 na ujaze murram, ushindilie kwa tabaka za sentimita 15, ukinyunyizia maji kidogo tu. Hiyo sentimita 30 usiisogeze mpaka ukutani, acha mteremko ukianzia kama sentimita 20 kutoka kwenye ukuta. Zege liinamie nje, milimita 25 kwa kila mita, pima kwa pimamaji na kipande cha mbao chini ya upande mmoja. Uso wake wa juu ukutani ndio uwe sentimita 15 chini ya DPC. Kati ya zege na ukuta acha nafasi ya milimita 10, jaza lami baadaye. Ukiligandisha na ukuta, udongo ukivimba zege litainuka na kuondoka na ukuta. Kata viungo, yaani mistari ya kuligawa zege vipande, kila mita moja na nusu.

Kwa ukuta wa mita 9 hiyo ni kama theluthi mbili ya mita ya ujazo. Mchanganyiko 1:2:4: mfuko mmoja wa simiti, debe 3 na nusu za mchanga, debe 7 za kokoto. Nunua mifuko 5.

Na gata lazima. Paa la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 10, na Kisumu hiyo ni mvua ya alasiri moja tu, linamwaga lita 600 miguuni pa ukuta huo. Vishikizo kila sentimita 60 hadi 90, mteremko milimita 5 kwa mita, na bomba la kushuka liende kwenye tangi au mbali, si pembeni mwa nyumba.

Veranda namwachia lanet, maana yeye ndiye aliyeitetea lami.

---

lanet_mjengo

Hapo ndipo lami ina kazi. Sakafu ya veranda imeegemea ukuta juu ya DPC, kwa hiyo kata utepe wa upana wa sentimita 10 kwenye sakafu hiyo, kando ya ukuta, kwa grinda yenye diski ya mawe, kisha patasi. Vaa miwani na barakoa, ile vumbi si ya mchezo. Kabla ya kukata hakikisha hakuna waya wa umeme wala bomba.

Ukishafika chini ya DPC kwa sentimita 15, safisha ukuta kwa brashi ya waya, acha ukauke wiki kama mbili wakati bado ni kiangazi, paka lami ya maji makoti mawili. Koti la pili lipite kwa mwelekeo unaokata la kwanza. Lianzie chini kabisa ya mfereji huo uliokata, liishie sentimita 5 juu ya sakafu ya veranda. Jaza kokoto ndogo safi, usirudishe zege. Kama veranda ina paa na inainamia nje, mfereji huo hautapata maji. Kama inainamia ndani, hiyo ndiyo shida yako ya pili na ni bora uijue sasa: mwaga kikombe cha maji uone yanakwenda wapi.

---

rangi_na_brashi

Nami niongee kuhusu ndani, kwa sababu hapa ndipo watu huharibu kazi nzuri ya nje kwa haraka.

Plasta iliyokunywa chumvi haifai tena hata ikikauka, kwa kuwa baadhi ya chumvi hizo hufyonza unyevu wa hewani. Siku za mvua itarudi kulowa yenyewe. Ibandue sasa hivi mpaka sentimita 30 juu ya alama ya juu kabisa ya unyevu. Kwako ni mita moja chumbani, sentimita 70 sebuleni. Unga unaobaki kwenye matofali usafishe kwa brashi kavu na uukusanye kwenye karatasi. Ukiuosha kwa maji unaurudisha ndani ya tofali.

Halafu acha wazi. Makadirio ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za ukuta. Ukuta wako wa inchi 6 unakauka pande zote mbili, kwa hiyo ni miezi mitatu hivi, na ukiingia kwenye mvua ndefu ongeza. Kwa ufupi: nje kabla ya Machi, ndani matofali yaonekane mpaka Juni au Julai. Sogeza kitanda, fungua dirisha, vumilia sura mbaya.

Plasta ya kurudishia isiwe ya simiti kali. Tofali la kuchoma ni laini, na plasta ya 1:3 yenye dawa inakuwa ngumu kuliko ukuta wenyewe, inapasuka na kuachana nao, ukigonga unasikia mlio mtupu. Tumia 1:1:6, yaani simiti, chokaa ya ujenzi, mchanga. Kwa ukuta wa chumba wa mita 3.6 kwa urefu wa mita 1, unene milimita 15, debe 4 za mchanga zinatosha, pamoja na theluthi mbili ya debe ya simiti na kiasi hichohicho cha chokaa. Nusu mfuko wa simiti unabaki na chenji. Lowesha tofali kidogo kabla ya kupiga, na kwa siku 4 au 5 nyunyizia maji asubuhi na jioni.

Mchanga upime: jaza chupa nusu, ongeza maji, tikisa, acha masaa 3. Tope la juu likizidi kama sehemu moja kwa kumi ya mchanga, rudisha lori.

Baada ya wiki nne rudia kipimo cha foili. Kikiwa kikavu, rangi ya maji isiyong'aa, koti la kwanza liongezwe maji kidogo. Usipake andakoti ya mafuta wala rangi ya mafuta sehemu ile, hata kama watoto wanachafua. Ukuta lazima upumue.

---

mamboleo_juu

Nimeelewa, nashukuru sana nyote. Swali la mwisho: chokaa ya magunia ile inayotoka Koru inauzwa kwa wakulima hapa karibu, rahisi sana. Naweza kutumia?

---

patasi_na_mwiko

Angalia gunia. Ya wakulima ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, haijachomwa. Haishiki kitu, utakuwa umeongeza vumbi kwenye mchanga. Unayotaka ni chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji, na gunia litaandikwa ya ujenzi. Ukiwa na shaka, chukua kijiko, koroga na maji iwe uji mzito, pakaza kwenye kipande cha tofali, weka kivulini wiki moja mbali na mvua. Ya ujenzi itashika na kuwa ngumu ukiikwaruza kwa ukucha, ya shamba itapukutika. Na uwe na glavu na miwani, chokaa ya ujenzi ikiingia jichoni inaunguza. Ikitokea, osha papo hapo kwa maji mengi mfululizo kwa dakika 20, kisha uende hospitali.