Steshenwagoni yenye mbio kwa familia ya watu watano Nairobi: Levorg 2.0, Golf R Variant au A4 Avant?

BabaWatatu (Syokimau)

Ndugu zangu, hamjambo. Nimeendesha Toyota Fielder kwa miaka saba na sina neno baya juu yake, lakini sasa tuna watoto watatu, kitinda mimba akiwa na miezi kumi na mmoja, na kila Desemba tunakwenda Nyeri kwa mama yangu buti likiwa limejaa hadi darini. Kilichonifanya niandike ni safari ya Agosti. Kati ya Naivasha na Gilgil niliamua kulipita trela lililokuwa likijikokota mlimani, nikakanyaga mafuta hadi mwisho, injini ikanguruma kwa sauti kubwa na mwendo usiongezeke. Basi likatokea mbele likitumulika taa, nikalazimika kurudi nyuma ya trela. Mke wangu alikuwa amebana dashibodi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameunyoosha nyuma kuelekea kwa mtoto. Hatukusemezana hadi Nakuru.

Kwa hiyo ninapotafuta gari lenye mbio sitafuti sifa za barabarani. Nataka gari ambalo likiitwa litaitika, huku kesho yake likinipeleka Upper Hill, likiwapeleka watoto shuleni na kubeba ununuzi wa mwezi. Magari marefu ya kwenda juu nimeyaendesha, nayo hunichosha kwenye kona kwa sababu uzito wake umekaa juu. Steshenwagoni hukaa chini na kushika barabara kama saluni, ilhali ina nafasi ya mizigo.

Nimebaki na tatu. Ya kwanza ni Subaru Levorg 2.0 GT-S, nguvu farasi 300, buti la lita 522. Ya pili ni Volkswagen Golf R Variant ya kizazi cha saba, nguvu farasi takriban 300 pia, buti la lita 605. Ya tatu ni Audi A4 Avant ya lita 2.0 yenye quattro, yaani mfumo wa kuvuta magurudumu manne, nguvu farasi takriban 250, buti la lita 505. Audi S4 ya V6 naipenda, lakini inapita mfuko wangu, ambao mwisho wake ni milioni 4 gari likiwa na nambari ya Kenya. Kwa kuwa gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likizidi miaka minane, mwaka huu wa 2025 natazama yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018, ama Japani ama Uingereza. Wenye uzoefu wa kuishi na magari haya, na si kuyaona tu, naomba mnisaidie.

Mwalimu_Kikuyu

Ndugu BabaWatatu, ninayo Levorg 2.0 kwa mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo nitakueleza ya kwangu. Kila asubuhi natoka Kikuyu kwa Waiyaki Way nikiwa na watoto wawili na jirani mmoja. Katika msongamano gari hili hunywa lita moja kwa kilomita saba. Nikienda safari ndefu bila pupa hufika kilomita kumi na moja. Tangi ni la lita 60, na kila tarehe 14 EPRA inapotangaza bei za mafuta mimi hupiga hesabu upya. Ukitaka wepesi kwenye petroli, iko Levorg ya 1.6 yenye nguvu farasi 170, ambayo ni gari zuri la kila siku, lakini ukiijaza watu watano na mizigo haitakuondolea hofu uliyoipata Gilgil.

Kuhusu kulipita trela, hapo ndipo nilipoamini fedha yangu haikupotea. Ukikanyaga kuna kitambo kidogo cha kusubiri, kama mtu anayevuta pumzi, kisha gari linaondoka kwa nguvu moja iliyonyooka bila kubadilisha gia, kwa kuwa gia boksi yake ni ya mnyororo isiyo na gia za hatua, yaani CVT. Wapo wasioipenda hali hiyo. Mimi naipenda kwa sababu mama yangu hukaa nyuma na hasikii mshtuko wowote.

Kasoro yake kubwa ni kimo. Gari limeinuka kutoka ardhini milimita 130 na kidogo tu. Kabla hujalipa hata shilingi, pakia familia yako yote kwenye Levorg ya mtu, uipitishe kwenye tuta la lango la mtaa wako. Sisi ilitubidi tujifunze kupita matuta kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine.

Jambo dogo lakini la maana: matoleo ya kuanzia 2017 yana viti vya nyuma vinavyokunjika sehemu tatu. Unaweza kulaza ile ya katikati, ukapitisha mbao au fimbo ndefu ya pazia, huku watoto wawili wamekaa kando na viti vyao.

MamaPacha_Langata

Mimi ni wa Golf R Variant, niliyoiagiza kutoka Uingereza. Nina pacha wa miaka minne, na buti ndilo lililonishawishi: gari lao la kusukuma la watu wawili linaingia bila kukunjwa magurudumu, na bado pana nafasi ya vikapu vya sokoni. Kwa wepesi wa kuitika sijaona gari la familia linaloikaribia. Gia boksi ya klachi mbili hubadilisha kabla hujamaliza kuwaza, na pale Southern Bypass ninapoingia barabarani kutoka kando sina wasiwasi wa malori.

Hata hivyo, dada yenu atasema na yaliyomuuma. Katika msongamano wa Lang'ata Road, gari likisogea hatua mbili na kusimama, hatua mbili na kusimama, klachi hizo hazitulii. Gari hutikisika kidogo kama mtu asiyeamua aende au akae. Nimejifunza kuacha nafasi mbele yangu ili nitembee polepole bila kusimama, ingawa matatu huiona nafasi hiyo kuwa mwaliko.

La pili ni matairi. Gari langu lilikuja na 225/40 kwenye rimu za inchi 18. Asilimia arobaini ya milimita 225 ni 90, kwa hiyo kati ya rimu na shimo una mpira wa sentimita tisa tu. Mwezi wa Mei, usiku wenye mvua, nilizama kwenye shimo lililojaa maji barabara ya Mombasa karibu na Cabanas. Tairi lilipasuka ubavuni, rimu ikapinda kama sahani iliyoangushwa, na nilisimama pale na watoto wamelala nyuma kwa saa nzima na nusu. Tangu siku hiyo sitoki bila gurudumu la akiba la kweli, na nafasi yake lazima uihesabu unapolinganisha mabuti.

FundiNgara

Mabwana na mabibi, nimeyafungua magari haya yote matatu, na ninaomba niseme jambo moja ambalo mnunuzi wa Nairobi hulisahau, nalo ni hewa. Jiji letu liko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, na Limuru ni juu zaidi. Hapa mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo nguvu zake nazo hupungua kwa kati ya asilimia 15 na 20. Fielder ya BabaWatatu haikuwa mbovu siku ile. Ilikuwa imebeba watu watano mlimani huku ikikosa karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake. Injini yenye turbo hujishindilia hewa hadi kiwango ilichopangiwa, ndiyo maana haipotezi sana. Lakini hailipwi bure: turbo inazunguka kasi zaidi ili kufidia hewa nyepesi, joto linaongezeka, na oili inachoka mapema. Mwenye turbo hapa asingoje kilomita 10,000 kubadilisha oili. Mimi huwaambia wateja wangu 5,000, na wanaonisikiliza siwaoni mara kwa mara.

Sasa nije kwenye gia boksi, kwa sababu hapo ndipo fedha huteketea. Golf R ina gia boksi yenye klachi zilizolowa oili, ambayo ni imara kuliko ile ya klachi kavu ya Golf za injini ndogo iliyowatoa watu machozi, kwa hiyo msizichanganye. Badilisha oili yake na chujio kila kilomita 60,000. Pia kuna kiunganishi cha ekseli ya nyuma, Haldex, chenye pampu yake ndogo. Pampu hiyo ina wavu mwembamba unaozibwa na taka za klachi, na oili ikibadilishwa bila kuusafisha wavu, siku moja utakwama kwenye matope ukidhani una gari la kuvuta magurudumu manne, kumbe ni mawili. Nimetoa wavu uliokuwa mweusi tititi kama kifuniko cha jiko la makaa.

Levorg nayo, CVT yake wengi wanaambiwa kwamba oili ni ya maisha. Msikubali. Kwa joto na msongamano wetu mimi huibadilisha kila kilomita 50,000, kwa oili iliyoainishwa na mtengenezaji na si ya bei rahisi ya kando ya barabara. Vipuri vya Subaru ndivyo rahisi kupatikana kati ya vitatu hivi. Ukitembea Kirinyaga Road asubuhi utarudi na bushi, shokomzoba na plagi kabla ya chakula cha mchana. Vya Audi vipo, ila mara nyingi utaagiza na kusubiri, na sensa moja inaweza kuliweka gari juu ya mawe wiki mbili.

A4 ndiyo iliyotulia kuliko zote kwa masikio, na kwa safari ya Mombasa ningeichagua mimi mwenyewe. Kwa mtu mwenye gari moja tu nyumbani, na watoto wa kupeleka shule kesho, siwezi kumshauri.

Kuhusu matairi, MamaPacha amesema kweli tupu. Levorg huja na 225/45 za inchi 18, yaani ubavu wa milimita 101. Ukipata rimu za inchi 17 na tairi la 225/50, kimo cha gurudumu zima hubaki karibu vilevile, na ubavu unafika milimita 112. Ila rimu ijaribiwe kwanza juu ya kalipa ya breki za mbele isije ikagusa.

Safari_Mbali

Mbona hakuna aliyetaja Outback? Imeinuka milimita 200, na buti ni kubwa.

FundiNgara

Ni gari la heshima, bwana, lakini ya 2.5 inayoletwa kutoka Japani haina turbo. Zile nguvu farasi 175 zikipanda hadi kwetu hubaki kama 145, na mwenye swali ameomba gari linaloitika. Kama barabara ya nyumbani kwake ingekuwa ya udongo, ningekuwa upande wako.

Mzee_wa_Legacy

Wanangu, nilianza na Legacy wakati watu wa Nairobi bado wakimzungumza Colin McRae na Impreza yake iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997, na hadi leo ninayo Legacy ya turbo ya mwaka 2006. Sitaingilia uchaguzi wenu. Nataka tu kuwaonya kuhusu karatasi ya mnada, ile inayoonyesha hali ya gari lilipouzwa mnadani Japani.

Mwanangu wa pili alinunua steshenwagoni kutoka kwa muuzaji mmoja hapa jijini, gari likang'aa kama shilingi mpya, mita ikisoma kilomita 48,000. Usukani, hata hivyo, ulikuwa umelika upande wa kulia, na mpira wa pedali ya breki umelika hadi kuwa laini. Tulipotafuta karatasi ya mnada wa Japani kwa nambari ya chesisi, tulikuta kilomita 131,000 na daraja R, ambalo maana yake ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Fedha ilikuwa imeshalipwa. Kwa hiyo, BabaWatatu, omba nambari ya chesisi kabla ya kuomba bei, na asiyetaka kukupa, mwage. Magari ya mbio ndiyo hugongwa zaidi, na yakishatengenezwa hurembwa zaidi.

BabaWatatu (Syokimau)

Ninawashukuru nyote, na mzee wangu shikamoo. Jumamosi nilifanya kama Mwalimu alivyonielekeza. Rafiki aliniachia Levorg yake ya 2.0, tukaingia sote watano pamoja na mifuko miwili ya unga na mtungi wa gesi ili uzito uwe wa kweli. Nilipima kwa futi kamba kutoka ardhini hadi kwenye ukingo wa chini wa mlango, kwanza gari likiwa tupu, kisha likiwa limejaa. Nyuma lilishuka sentimita nne. Kwenye tuta la lango letu liligusa nilipolipita moja kwa moja, na halikugusa nilipolipita kwa mshazari. Tuta la shule ya watoto, ambalo ndilo nililoliogopa, lilipitika bila tatizo.

Kisha tukaenda hadi Kitengela na kurudi. Kulikuwa na lori la mchanga, barabara mbele ikiwa tupu na inaonekana mbali, nikakanyaga. Nilisikia kile kitambo cha kuvuta pumzi, halafu lori likawa nyuma yetu. Mke wangu aliendelea kumlisha mtoto uji.

Golf nimeiacha kwa sababu ya msongamano wa Mombasa Road, ambao ndio maisha yangu ya siku tano kwa wiki, ingawa buti lake nitalionea wivu. A4 nimeiacha kwa sababu nina gari moja tu. Ninatafuta Levorg 2.0 ya 2018 au 2019, ya daraja la 4 kwenda juu, na nimekwisha kumwambia wakala kwamba karatasi ya mnada itatangulia mazungumzo yoyote. Fundi, naomba unisaidie jambo moja lililobaki: hizo rimu za inchi 17, nizinunue kabla gari halijafika, au nisubiri uzijaribu mwenyewe juu ya kalipa?

FundiNgara

Subiri gari. Lilete Ngara likiwa na matairi yake ya Japani, tutajaribu jozi mbili tatu za kuazima kabla hujalipa chochote, na siku hiyohiyo tutamwaga oili ya CVT.