Mafundi wa betri za sola Mbeya na Njombe, mnatuuzia hatari

Wakuu, hili limetuchosha. Betri za lithiamu za kuunga zinazouzwa Nyanda za Juu Kusini nyingi hazijasawazishwa hata kidogo, yaani seli zake hazijafikishwa kiwango kimoja cha chaji. Fundi anaunga seli nne za LiFePO4 (lithiamu ya fosfati ya chuma) mfululizo, chanya kwa hasi, mita inasoma volti 13.2, anafunga boksi, anadai pesa. Hiyo 13.2 ni bure! Seli hizi zikiwa na chaji kati ya asilimia 30 na 80 zote zinasoma karibu 3.3. Mita haikuonyeshi ipi iko nyuma.

Uozo unatokea mwisho wa chaji. Chaja inaangalia jumla, 14.6. Seli tatu zipo 3.5, ya nne imefika 4.1 wakati kikomo chake ni 3.65. Hesabu ni ileile 14.6, chaja haina habari, seli inavimba.

Mtajitetea kwamba BMS, saketi ya kulinda betri, imo. Imo, na itakata chaji, lakini haitaponya. Nyingi za bei rahisi zinasawazisha kwa miliampea 50 hivi, tena betri ikikaribia kujaa tu. Seli iliyopishana na wenzake kwa ampea-saa 10 inahitaji saa 200 za namna hiyo. Kwa sola inayofika huko juu saa moja kwa siku, ni zaidi ya miezi sita!

Kazi inayorukwa ni hii: kabla ya kuunga mfululizo, seli zote ziungwe sambamba, chanya kwa chanya. Chaja inasetiwa 3.65 kwanza, ndipo inaunganishwa. Subiri mkondo ushuke hadi ampea chache. Kwa seli nne za 100Ah na chaja ya ampea 10 ni siku nzima na zaidi, ndiyo maana wanaikwepa.

Halafu fyuzi ya kioo ya redio kwenye betri ya 100Ah! Shoti ikitokea, hiyo haizuii kitu.

Na baridi je? Makete Juni na Julai asubuhi kuna barafu. Kuchaji seli hizi chini ya nyuzi 0 kunafanya metali ya lithiamu ijitande ndani ya seli. Uwezo unaopotea haurudi, na shoti ya ndani inaweza kufuata. Bado watu wanauza BMS isiyo na sensa ya joto, au sensa imeachwa inaning'inia hewani badala ya kubandikwa kwenye seli.

Wanunuzi, betri ikiwa imejaa dai kupimiwa seli mojamoja mbele yako. Zikipishana zaidi ya volti 0.05, usilipe.

Mafundi mliomo humu, nani anasawazisha kabla ya kuuza? Jibuni hapa.